Milimita mbili: picha zinavyoongoza elektrodi ndani ya ubongo

Kiini kinacholengwa mara nyingi katika upasuaji wa DBS, yaani usisimuaji wa kina wa ubongo, hakizidi punje ya kunde. Ni kiini cha subthalamasi, kwa kifupi STN, kimoja kulia na kimoja kushoto, kila kimoja milimita 12 hivi kutoka mstari wa kati wa ubongo. Elektrodi inayopelekwa humo ina unene wa milimita 1.27. Huingilia tundu lililotobolewa kwenye fuvu, juu ya paji, kisha hushuka sentimita 7 hadi 9 ndani ya nyama ya ubongo. Mpasuaji haoni kwa macho yake hata sentimita moja ya safari hiyo.

Ikitua panapotakiwa, umeme mdogo wa mapigo 130 hivi kwa sekunde hutuliza mtetemeko, ukakamavu na uzito wa viungo kwa mgonjwa wa Parkinson ambaye tembe za levodopa zimeanza kumgeuka: zinakata kabla ya saa yake, au zikifanya kazi zinamchezesha mwili bila hiari. Ikikosea kwa milimita 2, kinachofuata kinategemea imekosea kuelekea wapi. Ikienda nje au mbele inakaribia kapsuli ya ndani, njia kuu ya neva zinazoamrisha misuli. Hapo uso huvutika, ulimi huwa mzito, vidole hukakamaa. Ikirudi nyuma inafikia nyuzi za hisia, na mgonjwa analalamika mkono unamchomachoma. Ikisogea ndani mno inakutana na nyuzi za neva ya tatu ya fuvu: jicho linahama na mtu mmoja anaonekana wawili. Chini ya STN iko sabstansia nigra, kiini kingine cha ubongo, na imewahi kutokea kwamba umeme ukitolewa humo mgonjwa anaangukiwa na huzuni nzito papo hapo. Hata ndani ya STN yenyewe si kila pembe inafaa. Sehemu ya mbele na ya ndani inashughulika na hisia za moyoni, na umeme ukielekea huko mtu anaweza kuchangamka kupita kiasi, akatapanya fedha na kukosa usingizi bila kuona kwamba ana tatizo. Shabaha nzuri ni sehemu ya juu, nyuma na nje.

Makosa hayo hayana uzito sawa. Elektrodi ya kawaida ina pete 4, kila moja ina urefu wa milimita 1.5, na mojawapo ya aina zake huachanisha pete kwa nusu milimita. Ikizama milimita 2 kupita kiasi, daktari anayepanga mipangilio ya umeme atachagua pete ya juu yake na mambo yataendelea. Ikikosea kwa upande, hakuna pete ya kumwokoa, kwa sababu zote 4 ziko kwenye mstari mmoja uliokosea. Kwa hiyo ripoti ya usahihi isiyotenganisha kosa la kina na kosa la upande inaficha jambo muhimu kuliko yote.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 41 waliopelekwa kwao kwa malalamiko kwamba DBS haijawasaidia. Kwa 19 kati yao, yaani asilimia 46, elektrodi ilikuwa mahali pasipofaa. Kabla ya kulaumu ugonjwa, dawa au betri inayoipa elektrodi umeme, cha kwanza kutazamwa ni picha.

Namba za zamani na ramani ya mtu mmoja mmoja

Ernest Spiegel na Henry Wycis wa Philadelphia walitumia fremu ya stereotaksi, yaani fremu inayofungwa kichwani ili kupimia mahali ndani ya ubongo, kwa binadamu mwaka 1947, na Lars Leksell wa Stockholm akatoa ya kwake mwaka 1949. Wakati huo hakukuwa na picha inayoonyesha viini vya ubongo. Kilichowezekana ni kudunga dawa inayoonekana kwenye eksirei ndani ya chemba za maji za ubongo, kisha kutafuta alama mbili kwenye kuta za chemba ya tatu: komisha ya mbele na komisha ya nyuma. Mstari unaoziunganisha ukawa rula ya wapasuaji. Hata Alim-Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walipoanza mwaka 1987 kutuliza mtetemeko kwa usisimuaji wa kudumu wa thalamasi, kiini kikubwa kilicho ndani katikati ya ubongo, waliipima shabaha kwa kuanzia kwenye rula hiyo.

Namba zake bado zinatumika. Kwa STN, mtu huanzia katikati ya mstari wa komisha, akaenda milimita 12 kando, 3 nyuma, 4 chini. Kwa kiini kingine kinachotumika sana, globasi palidasi ya ndani, ni takriban milimita 20 hadi 22 kando, 2 hadi 3 mbele, 4 hadi 5 chini. Tatizo ni kwamba binadamu hawakutoka kwenye kalibu moja. Urefu wa mstari wa komisha hutofautiana kwa milimita kadhaa kati ya mtu na mtu. Tena kwa wazee, ambao ndio wengi wa wagonjwa hawa, chemba ya tatu hupanuka na kuvisukuma viini nje. Milimita 12 za kitabuni zinaweza kuwa 13 na nusu kwa mgonjwa aliyelala mezani leo. Namba ni pa kuanzia tu. Anayeishia hapo anampasua mtu wa wastani, na mtu wa wastani hajawahi kulazwa hospitali yoyote.

MRI ndiyo iliyofungua macho. STN ina madini mengi ya chuma, na kwenye picha za aina ya T2 chuma hicho huifanya ionekane nyeusi. Njia inayotumika sana ni kutafuta kwanza kiini chekundu, ambacho ni duara jeusi lisilopotea, kisha kuchora mstari unaogusa ukingo wake wa mbele. Shabaha iko kwenye mstari huo, upande wa nje wa kiini chekundu. Mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huonyesha mipaka hii vizuri kuliko ya tesla 1.5. Zipo pia picha za SWI, zinazokuza athari ya chuma na kuitenganisha STN na nigra iliyo chini yake, mahali ambapo T2 huchanganya vyote viwili. Lakini SWI ina udanganyifu wake: weusi wa chuma humwagika nje ya mpaka halisi, na kiini huonekana kimenenepa. Ni busara kuitumia kama shahidi wa pili na kuiachia T2 kazi ya kupima.

Kwa mtetemeko usio wa Parkinson shabaha ni sehemu ya thalamasi iitwayo VIM, na hiyo haionekani kwenye picha za kawaida hata kwa mashine nzuri. Wengine hufuatilia nyuzi zinazotoka serebelamu, yaani ubongo mdogo wa nyuma, kwenda thalamasi kwa mbinu ya traktografia. Inasaidia, ila mistari ile ya rangi ni mahesabu ya kompyuta, na wataalamu wawili wakiweka vigezo tofauti hupata mistari inayopishana. Anayeitazama kana kwamba ni picha ya neva zenyewe atapotea.

Picha yenyewe inaweza kupinda

MRI huchora kwa nguvu za sumaku, na sumaku hiyo hailingani kila mahali. Katikati ya mashine mchoro ni mnyoofu. Kadiri unavyoelekea pembezoni, ndivyo unavyopinda. Viini tunavyovitafuta viko karibu na katikati, kwa hiyo vyenyewe hupinda kidogo. Vinavyopinda zaidi ni vijiti vya kipimo vilivyofungwa kwenye fremu, nje ya kichwa. Mgonjwa akiingizwa kwenye MRI akiwa na fremu, shabaha inaweza kuonekana sahihi huku rula inayoipima imepinda. Ndiyo maana vituo vingi hufanya MRI siku kadhaa kabla, bila fremu, kisha asubuhi ya upasuaji mgonjwa huvalishwa fremu na kupigwa picha ya CT, ambayo haina tatizo la kupinda kwa sumaku. Kompyuta huoanisha picha hizo mbili.

Mambo madogo ya chumba cha picha yana uzito hapa. CT iwe na vipande visivyozidi milimita 1, na mashine yake isiinamishwe hata nyuzi moja. MRI ya T1, aina nyingine ya picha, iwe ya milimita 1 kila upande. Ya T2 iwe na vipande vya milimita 2 au pungufu, bila nafasi kati yake. Mgonjwa anayetetemeka ataharibu picha ya dakika 8 kwa sekunde 10 za mtetemeko. Basi apigwe picha akiwa amemeza dawa zake, na ikibidi apewe dawa ya usingizi. Picha yenye ukungu haitengenezwi na programu yoyote, irudiwe.

Kuoanisha nako kunadanganya kimyakimya. Programu hutangaza kwamba imemaliza, na picha zinaonekana zimelala moja juu ya nyingine vizuri kabisa kwenye mfupa wa fuvu. Huko siko pa kukagua. Panapokaguliwa ni kuta za chemba za maji, komisha zote mbili, na mishipa mikubwa. Pakionekana kivuli cha milimita 1 kwenye ukuta wa chemba ya tatu, kazi irudiwe hata kama mfupa umekaa barabara.

Njia ya kupita

Shabaha ni nusu ya mpango. Nusu nyingine ni njia, na hapa ndipo usalama ulipo hasa, maana tatizo linaloogopwa kuliko yote ni kuvuja damu. Uso wa ubongo ni kama shamba lenye matuta na mifereji, na mishipa ya damu hupita mferejini. Mgonjwa hupewa dawa ya gadolini ili mishipa ing'ae kwenye picha ya T1. Mpasuaji huchagua pa kuingilia juu ya tuta, karibu na mshono wa mbele wa fuvu, sentimita 3 hivi kutoka mstari wa kati. Kisha huifuata njia yake kipande kwa kipande, kana kwamba yuko kwenye ncha ya elektrodi, akihakikisha kila mshipa uko umbali wa milimita 2 hadi 3 au zaidi. Njia inayokata mfereji hukataliwa, na inayotoboa chemba ya maji hukataliwa pia: ukuta wa chemba una vena ndogo, huisukuma ncha pembeni, na ukitobolewa maji hupotea.

Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta damu kwa takriban asilimia 5 ya wagonjwa wa upasuaji wa aina hii, wengi wao bila madhara au kwa madhara ya kupita. Kwa asilimia 1 hivi damu hiyo iliacha ulemavu wa kudumu au iliua. Hatari ilipanda kwa wazee na wenye shinikizo la damu, na ilihusishwa pia na sindano za kurekodi umeme wa seli za neva na njia zinazopita kwenye mifereji au chemba. Kwa hiyo kuna kanuni za chini kabisa: aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda zisimamishwe mapema, kwa aspirini siku 7 hadi 10, kwa ruhusa ya daktari wa moyo, na shinikizo la juu liwe chini ya 140 kabla ncha yoyote haijagusa ubongo, likae hapo hadi mwisho. Mgonjwa aliye macho, ambaye hakumeza dawa zake tangu jana na anasikia keekee ikitoboa fuvu lake, shinikizo lake halishuki kwa kuambiwa atulie. Dawa ya mshipani iwe imeandaliwa kabla.

Fremu, na hesabu ya makosa

Fremu hukazwa kwa skrubu 4 zinazoshika mfupa, baada ya ganzi. Kwenye CT hufungwa vibao vyenye vijiti vyenye umbo la herufi N. Ujanja wake ni mwepesi: vijiti viwili vimesimama wima, kimoja kimelala mshazari kati yao. Katika kila kipande cha picha vinaonekana kama nukta 3. Nukta ya katikati ikiwa karibu na ya upande mmoja kipande kiko chini. Ikiwa karibu na ya upande wa pili kiko juu. Kwa umbali huo kompyuta hujua kila nukta ya ubongo iko wapi ndani ya fremu, na hutoa namba 3 za shabaha na pembe 2 za njia.

Tao la fremu ya Leksell lina nusu kipenyo cha milimita 190, na kitovu chake huwekwa juu ya shabaha. Kwa kuwa kila mstari kutoka kwenye tao huishia kitovuni, pembe ikikosewa kidogo shabaha haihami. Kinachohama ni pa kuingilia tu. Kinachoharibu ni mirija ya kuongozea elektrodi kugusa ukingo wa tundu la mfupa: inapinda kidogo pale juu, na sentimita 8 chini imeshatoka nje ya njia. Tundu lipanuliwe mpaka mrija upite bila kugusa kitu. Kosa jingine la kawaida ni la kibinadamu: namba kusomwa vibaya, au kulia na kushoto kubadilishana. Namba zisomwe kwa sauti na mtu mmoja, zikaguliwe na mwingine, na fremu ijaribiwe kwenye kielelezo cha shabaha kabla ya kufungwa kichwani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme picha inakosea kwa milimita 0.5, kuoanisha 0.5, fremu 0.7, na ubongo kuhama 1.0. Ukizijumlisha tu utapata 2.7, lakini makosa ya kubahatisha hayaelekei upande mmoja, hivyo huunganishwa kwa kipeo cha pili cha kila moja kisha kipeuo cha jumla: inakuja milimita 1.4. Sasa kituo kikinunua roboti inayoshusha kosa la fremu hadi 0.3, jumla inakuwa 1.26. Kikiacha roboti dukani na kupunguza kuhama kwa ubongo hadi nusu milimita, inakuwa 1.1. Roboti zina faida zake, hasa za kasi na kuepuka makosa ya kusoma namba, ila adui mkubwa zaidi yuko kwingine.

Hewa

Ubongo huelea ndani ya maji. Utando mgumu unaoufunika ukifunguliwa, maji hutoka na hewa huingia, na kwa mgonjwa aliyelala chali sehemu ya mbele ya ubongo hudondoka nyuma. Juu unaweza kuhama kwa milimita nyingi. Kwenye viini vya ndani ni kidogo, lakini milimita 1 au 2 hutokea, na tumeshaona maana ya milimita 2. Upande wa pili kufanyiwa kazi ndio unaoumia zaidi, kwa sababu wakati huo hewa imeshaingia kwa saa nzima au zaidi. Wapo wanaoanza kwa makusudi na upande wenye dalili mbaya zaidi, ili upande huo upate ubongo uliotulia.

Kinga zake hazigharimu sana. Kichwa kiinuliwe kiasi ili tundu liwe mahali pa juu, lakini kisiinuliwe mno hadi hewa ikanyonywa kwenye vena. Utando ufunguliwe kwa tundu dogo, na usifunguliwe kabla kila kitu hakijawa tayari mkononi. Tundu lijazwe maji ya chumvi, kisha lizibwe kwa gundi ya fibrini mara mrija unapoingia. Na kazi iende haraka. Saa moja ya kubishana juu ya njia ya tatu ya kurekodi ni saa moja ya maji kuvuja.

Hewa ina kisa cha pili. Siku au wiki chache baadaye inafyonzwa, ubongo unarudi juu, na elektrodi ambayo imeshabanwa kwenye fuvu inajikunja kama upinde. Picha ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha mahali ambapo elektrodi haitakuwepo mwezi ujao. Hewa ikiwa nyingi, picha ya kuamulia mipangilio ya umeme ni ya CT iliyopigwa wiki kadhaa baadaye.

Masikio au macho?

Kwa miongo kadhaa uthibitisho ulikuwa wa kusikiliza. Sindano nyembamba sana hushushwa nusu milimita kwa nusu milimita, na umeme wa seli hutolewa kwenye spika. Juu ya STN kuna ukimya kiasi. Ukiingia ndani kelele ya nyuma hupanda ghafla na seli hufyatua kwa vishindo visivyo na mpangilio. Ukitokea chini, nigra hufyatua kwa kasi na kwa mpangilio. Kuna kishikio cha mirija 5 iliyopangwa kama msalaba, kila mmoja milimita 2 kutoka ule wa kati, ili njia kadhaa zisikilizwe kwa pamoja. Kisha mgonjwa, akiwa macho, hupimwa: umeme kidogo, kunja mkono, hesabu kurudi nyuma, unaona kimoja au viwili?

Njia hii ina nguvu moja ambayo picha haina: inaeleza kazi ya mahali, na inaeleza sasa hivi, hata kama ubongo umehama. Bei yake ni sindano nyingi, muda, na mgonjwa aliyechoka bila dawa. Tena kuna mtego: kuingia kwa sindano peke yake huumiza kiini kidogo na dalili hupungua kwa muda, hata kabla ya umeme. Mtetemeko uliokwisha mezani si ushahidi kamili.

Njia ya pili ni mgonjwa kulala usingizi kamili na uthibitisho kufanywa kwa picha. Kuna namna mbili, na tofauti yake husahauliwa. Kwa CT ya chumba cha upasuaji, elektrodi huwekwa, picha hupigwa palepale, na huoanishwa na MRI ya kupangia. Kituo kimoja cha Portland, Oregon, kilichapisha mwaka 2013 matokeo ya wagonjwa 60: wastani wa kosa ulikuwa takriban milimita 1.6, na njia zilizotoboa chemba ya maji zilikosea zaidi. Lakini CT inaonyesha elektrodi ilipo leo, wakati STN inayolinganishwa nayo ni ya MRI iliyopigwa kabla fuvu halijafunguliwa. Kama ubongo umehama katikati ya picha hizo mbili, kompyuta itasema “barabara kabisa” na elektrodi itakuwa pembeni. Anayetegemea CT hana budi kutazama pia kiasi cha hewa kwenye picha hiyohiyo. Hewa ikiwa nyingi, namba nzuri isiaminiwe haraka.

Namna ya pili ni kufanya kazi yote ndani ya MRI. Fremu ndogo hufungwa juu ya tundu, mrija huelekezwa kwa picha zinazorudiwa, na kijiti cha seramiki hushushwa kwanza ndani ya ala, yaani mrija mwembamba unaokifunika, kwa kuwa seramiki haichafui picha kama chuma. Picha hupigwa; kosa likiwa dogo, kijiti hutolewa na elektrodi hupita kwenye ala ileile. Hapa STN na kijiti vinaonekana kwenye picha moja, baada ya hewa kuingia, na makosa ya upande yanayoripotiwa mara nyingi ni chini ya milimita 1. Gharama ni mashine inayofungwa kwa nusu siku, vifaa visivyovutwa na sumaku, na timu iliyozoea.

Je, kukosa majibu ya mgonjwa aliye macho kunamdhuru? Jaribio la Amsterdam lililochapishwa mwaka 2021, la wagonjwa 110 wa Parkinson waliogawanywa kwa bahati kati ya ganzi na usingizi kamili, halikuona tofauti katika madhara ya akili na tabia, na nafuu ya viungo ilikaribiana. Kwa hiyo ubishi wa macho dhidi ya usingizi umepoa. Swali linalofaa kuulizwa na mgonjwa au ndugu zake ni hili: mtathibitishaje mahali pa elektrodi kabla sijaondoka mezani, na mtafanya nini ikiwa imekosea?

Desturi ya wengi ni kuirudisha elektrodi ikiwa kosa la upande limezidi milimita 2. Chini ya milimita 1 huachwa. Katikati ndipo penye kazi, kwa sababu kila njia mpya inaongeza hatari ya damu, tena njia mpya iliyo milimita 1.5 kutoka ya zamani hupenda kuteleza na kuingia kwenye tundu lilelile la mwanzo. Kosa la milimita 1.5 kuelekea kapsuli ni sababu ya kurudia. La kiasi hichohicho lisiloelekea huko, likiwa bado ndani ya sehemu inayofaa ya kiini, kwa maoni yetu liachwe. Na baada ya yote hayo, hatua ya kijinga ndiyo huharibu: kuchomoa waya wa ndani na kubana kifuniko cha tundu kunaweza kuivuta elektrodi milimita 1 au 2. Eksirei ya kabla na baada ya kubana huchukua dakika moja.

Elektrodi yenye pande, na picha za baadaye

Elektrodi mpya zina pete za kati zilizogawanywa vipande 3, ili umeme uelekezwe upande mmoja. Huo ndio msaada wa kwanza wa kweli kwa kosa dogo la upande. Ila zinahitaji kujulikana zimetazama wapi, na waya huo hujisokota unapofungwa: alama iliyoelekezwa mbele mezani inaweza kukutwa imegeuka kwa nyuzi makumi. CT yenye vipande vyembamba huonyesha mwelekeo kwa umbo la vivuli vya chuma. Bila picha hiyo, anayepanga umeme anabahatisha.

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji nje na kurudi nyumbani, kama wengi wanaokwenda India, aondoke na vitu vitatu: diski ya picha zote, za kabla na za baada, jina na namba ya modeli ya elektrodi na betri, na karatasi ya mipangilio ya umeme. Muhtasari wa ukurasa mmoja haumsaidii daktari wa Dar es Salaam au Nairobi kujua pete ipi iko ndani ya STN.

MRI ya baadaye haikatazwi moja kwa moja, lakini ina masharti. Waya mrefu wa chuma hupokea mawimbi ya redio ya mashine kama antena, na joto hujikusanya kwenye ncha, ndani ya ubongo. Kila modeli ina kiwango chake: tesla ngapi, koili ipi, nguvu kiasi gani. Kabla ya picha, ukinzani wa kila pete hupimwa. Ukionyesha waya umekatika, mgonjwa haingizwi. Haingizwi pia mwenye kipande cha waya wa zamani kilichoachwa bila betri, mpaka mtengenezaji na timu ya upasuaji waulizwe. Tiba ya joto ya daithemia, ambayo idara nyingi za fiziotherapia hutumia kwa maumivu ya mgongo na mabega, ni marufuku kabisa kwa mwenye DBS, popote mwilini, hata betri ikiwa imezimwa, kwa kuwa nishati hufuata waya hadi ubongoni. Imeshawahi kuunguza ubongo wa wagonjwa waliokwenda kutibiwa maumivu ya kawaida tu.